Ukienda Bukini: mwongozo kamili wa kuishi kijijini kama mhudumu wa afya wa kujitolea

Wazee wa pwani waliiita Bukini, na watu wake Wabuki. Leo tunasema Madagaska, na wengi wetu tunaijua kwa ramani tu: kile kisiwa kikubwa kilicholala upande wa pili wa Komoro. Mimi ni nesi wa Tanga. Nilikaa huko miaka miwili nikijitolea katika kijiji kimoja cha bonde la Sambirano, si mbali na mji wa Ambanja, kaskazini-magharibi, kwenye mashamba ya kakao na miti ya ilangilangi ambayo harufu yake asubuhi inaingia mpaka chumbani.

Nimeandika haya kwa ajili ya nesi, tabibu au mtu wa lishe anayejiandaa kwenda. Miongozo mingi iliyopo imeandikwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu, nayo inakuonya kuhusu ugeni: wali kila siku, choo cha shimo, kuoga kwa ndoo. Kwetu hayo si habari. Kilichoniangusha mimi mara kwa mara ni kwamba kila kitu kinafanana na kwetu, lakini sicho.

Kuku ni *akoho*. Ng'ombe ni *omby*. Kanga, yule ndege, ni *akanga*, na punda ni *ampondra*. Watu wa kaskazini muhogo wanauita *mahogo*. Ukisikia hivyo unajiona umefika kwa mjomba. Siku yangu ya tatu nikamsalimia mkunga wa zahanati kwa adabu zote za Tanga, nikamwita "dada". Chumba kizima kikacheka hadi mtoto aliyekuwa akinyonya akaachia ziwa. Kwa Kimalagasi *dada* ni baba.

Hatua ya kwanza: kabla hujapanda ndege

Leseni yako ya uuguzi haivuki bahari. Usipokuwa na kibali cha wizara ya afya ya kule, wewe si mtoa tiba, hata kama nyumbani umezalisha akina mama mia tano. Liulize shirika lako swali hili kwa maandishi: nitaruhusiwa kugusa mgonjwa au la? Mimi sikuuliza. Shirika lililonipeleka, ambalo silitaji, lilinieleza kwa mdomo kwamba "mambo yatanyooka kule kule". Hayakunyooka. Miezi minne ya mwanzo nilikuwa mtu wa kupima uzito na kupanga mafaili, nikinung'unika moyoni. Baadaye niliona kwamba ndiyo miezi niliyojifunza zaidi, ila mtu anastahili kujua mapema.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe mkononi, si kwenye begi kubwa, maana unatoka ukanda wetu na utaulizwa. Viza ya kukaa muda mrefu ianzie nyumbani. Ukiingia kwa viza ya utalii ukitegemea kuibadilisha huko mbele, utakuwa mteja wa kudumu wa ofisi za mji mkuu.

Kifaransa kinahitajika, lakini si kwa sababu unayodhani. Kijijini hakitakusaidia sana. Ni lugha ya makaratasi: rejesta, ripoti ya mwezi, maelezo ya dawa, barua ya rufaa. Jifunze kukisoma kuliko kukizungumza.

Kuhusu malaria, acha kiburi cha mtu wa pwani. Nimewasikia wenzetu wakisema "sisi tumezoea". Kinga ya mtu mzima aliyekulia kwenye malaria hupungua akikaa muda mahali isipo nyingi, na wengi wetu tumeishi mijini miaka mingi. Kwenye bonde la Sambirano malaria ipo mwaka mzima. Zungumza na daktari kuhusu dawa za kinga, na chukua chandarua chenye dawa unachojua kimetoka wapi.

Vitu vya kubeba: taa ya kichwa, betri ya kuchajia simu, kidaftari kisichoharibika kwa maji, kipimajoto chako, viatu vya mpira. Beba na khanga tatu au nne za zawadi. Kule wanavaa *lambahoany*, kitambaa chenye picha katikati na maneno chini, kama jina la khanga. Akina mama watakuomba uwasomee jina na uwaeleze maana yake, na hapo utakuwa umepata mazungumzo ya jioni nzima bila kujua sarufi.

Hatua ya pili: kufika, na kuomba radhi kabla hujakosea

Toka Antananarivo kwa teksi-bruse, yaani basi dogo la abiria lenye mizigo juu kimo cha mtu, mpaka Ambanja ni safari ya mchana na usiku. Mvua ikishaharibu barabara, zidisha. Pesa ikiruhusu vunja safari njiani, ulale. Kufika umechoka hadi huwezi kutabasamu ni kuanza vibaya.

Ukifika usiende zahanati peke yako. Zahanati za huko huitwa CSB, kifupi cha jina la Kifaransa. Zipo za daraja la kwanza, zenye nesi au mkunga, na za daraja la pili, ambazo zinatakiwa kuwa na daktari. Mkuu wa CSB ndiye atakayekupeleka kwa mwenyekiti wa *fokontany*, ambayo ni kama serikali yetu ya kijiji, na kisha kwa wazee, ambao kaskazini huitwa *sojabe*. Mpangilio huo usiuvunje. Mwenzangu mmoja wa wilaya ya jirani alianza kuzungukia nyumba siku ya pili kwa bidii zake. Akatumia miezi mitatu kurekebisha.

Kwa wazee kutakuwa na *kabary*, hotuba ya heshima. Neno hilo linatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "habari", lakini usidhani ni habari. Ni sanaa, na mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Msemaji anaanza kwa kuomba radhi: radhi kwa kusimama mbele ya wakubwa, radhi kwa maneno yatakayopungua, radhi kwa yatakayozidi. Mimi nilidhani anamaliza, nikapiga makofi. Bado alikuwa anaomba radhi.

Zamu yako ikifika, sema maneno machache: azafady (samahani), jina lako, unakotoka, nani amekuleta, utakaa muda gani. Usiahidi kitu. Hata kimoja. Ukisema "tutaona kama tunaweza kupata kisima", kisima kimeshachimbwa vichwani mwao na wewe ndiye utakayeulizwa maji yako wapi.

Halafu kuna suala la sura. Mzungu akipita kila mtu anajua ni *vazaha*, mgeni. Wewe utapita utadhaniwa Msakalava, mtu wa kabila la pwani hiyo, kwa sababu watu wengi wa huko wamefanana nasi. Utasemeshwa Kisakalava cha haraka, na usipojibu wataona unaringa. Jifunze sentensi hii kabla ya nyingine zote: *Tsy Gasy aho*, mimi si Mmalagasi. Ukishasema hivyo utaitwa vazaha kama mwingine yeyote, rangi yako isihusike. Ilinichukua muda kuacha kugeuka nyuma kutafuta huyo mzungu anayeitwa.

Hatua ya tatu: salamu, siku na hesabu

Kaskazini salamu ni *Mbola tsara?* na jibu ni lilelile, *Mbola tsara*. Maana yake ni "bado mzima". Inafuata *Ino vaovao?* yaani habari gani, na jibu ni *Tsisy*, hakuna. Sisi tunajibu "nzuri" hata nyumba ikiwa inaungua. Wao wanajibu hakuna hata kama kuna msiba, kisha baada ya kimya kidogo msiba unatajwa. Subiri hicho kimya. Mgonjwa naye hufanya hivyohivyo: ukimwuliza anaumwa nini atasema hakuna kitu, na ukimwahi kwa swali la pili umempoteza.

Siku za juma ni mtego mtamu. *Zoma* ni Ijumaa, *Alakamisy* ni Alhamisi, *Asabotsy* ni Jumamosi. Zote zimetoka Kiarabu, kama Alhamisi na Ijumaa zetu. Basi nikaambiwa kliniki ya mkoba kijiji cha ng'ambo ni *Talata*. Masikio yangu yakasikia "thalatha", tatu, nikaenda zangu Jumatatu na kiboksi cha chanjo, saa mbili za kutembea na mto wa kuvuka. Sikukuta mtu. Talata ni Jumanne. Barafu ikayeyuka, nikarudi na chanjo zilizobidi kukaguliwa chupa moja moja, na mkuu wa zahanati hakunisemesha mpaka jioni.

Hesabu ni jambo la kazi, si la mapambo. Kimalagasi kinaanza na tarakimu ndogo: ishirini na tano ni *dimy amby roapolo*, tano zaidi ya ishirini. Sasa fikiria uko chini ya mwembe unaandika, na mhudumu wa jamii anapima mikono ya watoto kwa ule utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo. Anasoma: *dimy amby roapolo amby zato*. Umesikia tano, ukaandika 5. Ukasikia ishirini, ukaandika 2 mbele yake. Mia imekuja mwisho. Ni milimita 125, mtoto amegusa mpaka wa kijani. Anayefuata ni *dimy ambin'ny folo amby zato*, 115, anasimama ukingoni mwa njano. Chini ya hapo ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kati ya namba hizo mbili kuna tofauti ya neno moja katikati, na mwembeni kuna watoto arobaini wanaolia. Suluhisho langu lilikuwa jepesi: mhudumu anataja rangi kwanza, ndipo namba, na mimi nairudia kwa sauti kabla ya kuandika. Wahudumu wengi husoma kwa Kifaransa ukiwaomba, ila mama wa mtoto hataelewa, na yeye ndiye mwenye mtoto.

Pesa nazo zina vituko vyake. Sarafu ni ariary, na ariary moja ni faranga tano za zamani. Faranga ziliondoka rasmi mwaka 2005, lakini wazee na wauza soko wa vijijini wanaendelea kuhesabia humo. Ukiambiwa embe ni *arivo*, elfu moja, uliza ni elfu ya nini. Kama ni faranga, unadaiwa ariary 200. Wiki ya kwanza nilikuwa nalipa mara tano, na hakuna aliyenidhulumu kwa nia mbaya: mimi ndiye nilikuwa nasisitiza wapokee.

Hatua ya nne: nyumba, maji, chakula

Nyumba yangu ilikuwa ya *falafa*, vijiti vya makuti ya mravinala (mti wa huko unaofanana na mgomba), imeinuliwa juu ya nguzo. Inapitisha upepo vizuri, na maneno pia. Kila unachosema jirani anakisikia. Chumba kitatosha. Tafuta nyumba iliyo ndani ya boma la familia yenye bibi, usikae pembeni peke yako. Bibi ndiye mlinzi, mwalimu wa lugha na ofisi ya habari.

Maji ya kunywa usihangaike nayo sana. Kila nyumba, wali ukishapakuliwa, hutia maji kwenye sufuria yenye ukoko na kuyachemsha. Yanaitwa *ranovola*, yana rangi ya chai nyepesi na ladha ya ukoko ulioungua. Yamechemka, kwa hiyo ni salama kuliko ya mtungini. Ya kuoshea mboga na kupigia mswaki tia dawa ya klorini. Huko huuzwa chupa ndogo za Sûr'Eau dukani, kazi yake ni ileile ya WaterGuard.

Mto usikudanganye. Maji yanayotembea polepole yana kichocho, na upande huo wa kisiwa ni kile cha kibofu, kile cha mkojo wa damu tunachokijua Pemba na kanda ya ziwa. Oga kwa ndoo nyumbani. Ukibidi kuvuka, jifute ukishatoka, usikaushwe na jua.

Chakula ni *vary*, wali, asubuhi ukiwa uji wenye mboga, mchana mkavu, usiku mkavu. Kinacholiwa nao, kitoweo au mboga, ni *laoka*, na ni kidogo kuliko unavyozoea. Mchele hupimwa kwa *kapoaka*, kopo la maziwa mazito. Makopo matatu na nusu ni kama kilo. Kuna *feliky mahogo*, ambacho ni kisamvu cha nazi na hakihitaji maelezo zaidi. Kuna *mofo gasy*, na ukimwona mama anavyovimimina kwenye chuma chenye mashimo utasema hivi ni vitumbua. Kuna *lasary* ya maembe, achari kabisa. Nilinenepa.

Usile peke yako. Atakayekusikia ukipika saa ya chakula bila kumkaribisha apitaye atakukumbuka.

Choo ndipo utakapokuta mtihani. Sehemu fulani ni mwiko watu wa rika au ukoo tofauti kuchangia shimo, mathalani mkwe na wakwe. Ukija na kampeni ya "kila kaya choo kimoja" kabla ya kuuliza, utajengewa vyoo vizuri vya kuhifadhia mahindi. Uliza kwanza nani hawezi kuchangia na nani.

Hatua ya tano: kazi yenyewe

Siku ya kawaida inaanza mapema. Saa kumi na moja na nusu kinu kinasikika, mama wa jirani anatwanga mpunga wa asubuhi. Saa moja uko CSB. Kabla ya saa tatu utapokea wagonjwa wengi. Baada ya saa tano, jua likiwa kali, hakuna mtu. Mchana ni rejesta. Jioni ndiyo kazi ya kweli, na haionekani kwenye ripoti yoyote: kukaa kibarazani.

Jambo la kiufundi la kukumbuka: sisi tumekulia kwenye ALu, dawa mseto. Madagaska dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali imekuwa artesunate na amodiaquine. Dozi ni tofauti, malalamiko ya wagonjwa ni tofauti. Usitoe ushauri wa dawa kwa kukariri kwa kwetu. Fuata mwongozo ulio ukutani, na kama haupo uombe.

Watu wako wa kufa na kupona ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wao ndio wanaowapima malaria watoto wa chini ya miaka mitano kwa kipimo cha haraka na kuwapa dawa, wanaopeleka habari za chanjo, wanaojua nani ana mimba kabla ya mumewe. Wengi hawana mshahara. Nilipoacha kuandaa mafunzo yangu na kuanza kufuatana nao kwenye mizunguko yao, nikiwabebea mizani, ndipo mlango ulipofunguka. Ukitembea nyuma ya mhudumu anayejulikana, wewe ni mgeni wake. Ukitembea mbele, wewe ni mkaguzi.

Majira ya kufanya mikutano yaamuliwe na shamba. Wakati wa kupandikiza mpunga usiite mtu. Wakati wa kuvuna kakao na vanila pesa ipo na watu wanaweza kwenda hospitali ya mjini, kwa hiyo rufaa zilizokwama zisukume wakati huo. Tarehe 8 Machi akina mama hushona sare ya lambahoany moja, wanatembea, wanacheza. Dakika kumi za uzazi wa mpango siku hiyo zinazidi semina ya siku tatu. Na kuna ile wiki ya afya ya mama na mtoto, vitamini A na dawa za minyoo, ambapo kila mkono unahitajika.

Mama aliyejifungua hukaa *mifana*: anafunikwa, anawekwa karibu na moto, anakunywa vya moto. Mtoto hupewa *tambavy*, maji ya majani. Mimi nilitaka kuvunja vyote viwili kwa mkupuo. Mkunga wa jadi, *reninjaza*, aliniacha nimalize, akaniuliza kwetu mzazi anafanyiwa nini. Nikamweleza arobaini, maji ya moto, pilipili manga kwenye uji. Akaniangalia tu. Kuanzia hapo tuligawana: mifana haina neno ila moshi utoke na mtoto asikae motoni, tambavy tuicheleweshe, ziwa kwanza. Alikubali la kwanza upesi. La pili tulilivuta mwaka mzima, na sikulishinda lote.

Hatua ya sita: fady na mumiani

*Fady* ni mwiko. Kuna wa kisiwa, wa kabila, wa ukoo, wa mtu mmoja, wa mahali. Usionyeshe kaburi kwa kidole kilichonyooka, kikunje. Kijijini kwangu Jumanne haikuingiwa mashamba ya mpunga, ndiyo maana kliniki ya mkoba iliwekwa siku hiyo, watu wapo nyumbani. Sehemu moja ya mto sabuni haikuruhusiwa. Huwezi kuzikariri zote, na kitabu hakitakusaidia, kwa sababu fady ya kijiji kile si ya kijiji hiki. Swali ni moja, uliulize kila ufikapo: *Misy fady ve eto?* Kuna mwiko hapa? Wanapenda kuulizwa.

Kuna mama alikataa sindano ya mkunga mara tatu. Nilimwandika kichwani kama "mkaidi". Kumbe ana *tromba*, pepo wa wafalme wa Kisakalava wa zamani, na kwa pepo wake sindano ni fady. Mtu wa Zanzibar angeelewa upesi kuliko mimi: pepo wa kibuki wanaopungwa Unguja asili yao ni huko huko. Tulimtafutia njia ya vidonge. Haikuwa bora kitabibu, lakini alirudi.

Sasa jambo zito. Kuna imani ya *mpaka fo*, mchukua mioyo, na *mpaka ra*, mchukua damu: mgeni anayekuja usiku kuchukua viungo vya watu, hasa watoto. Ni mumiani wetu, yuleyule. Bibi zetu walituonya juu ya gari jekundu na watu wenye mipira; kule nao wanaonywa. Msicheke. Oktoba 2013, kisiwani Nosy Be, ng'ambo tu ya pale nilipokaa, wageni wawili na Mmalagasi mmoja waliuawa na kundi la watu kwa uvumi wa namna hiyo.

Na wewe kazi yako ni sindano na chupa za damu. Kwa hiyo:

- Usitoe tone la damu nje ya zahanati bila mhudumu wa jamii na mzazi wa mtoto kuwepo, hata la kipimo cha kidole.
- Mzazi aone kipimo kinavyosomwa na kinatupwa wapi.
- Usiwape watoto pipi. Usimpandishe mtoto kwenye pikipiki bila mama yake.
- Usiku usitembee peke yako; ukiitwa, fuatana na mtu wa boma lako mwenye taa.
- Uvumi ukianza, usiubishie. Kaa nyumbani, mwambie mkuu wa CSB na sojabe siku hiyohiyo, waseme wao.

Mimi ulinigusa mara moja, mwaka wa pili, baada ya timu ya utafiti kupita vijiji vya juu ikichukua sampuli. Bibi wa boma langu alikaa mlangoni pangu siku mbili anasuka mkeka. Hakusema kwa nini. Sikuuliza.

Hatua ya saba: masika

Novemba mpaka Aprili ni msimu wa mvua na vimbunga. Mito inapanda, rufaa zinasimama, malaria inapanda, na kabla ya mavuno mchele unaisha ghalani. Vyote huja pamoja. Hesabu vipimo, dawa na chumvi za ORS kuanzia Oktoba, sukuma oda mapema. Weka nakala ya rejesta kwenye mfuko wa plastiki. Hifadhi mchele wa mwezi mmoja, mafuta na chumvi, na ujue utaugawa.

Ukipangiwa nyanda za juu badala ya pwani, mambo ni mengine: baridi, na tauni, ambayo iliingia kisiwani mwaka 1898 kupitia bandari ya Toamasina na haijaondoka. Mlipuko wa mwaka 2017 ulipita wagonjwa 2,400. Wa Lushoto na Mbulu wanaikumbuka. Homa na mtoki, au homa na makohozi ya damu: barakoa, na taarifa saa hiyohiyo.

Hatua ya nane: kuondoka

Taja siku yako miezi mitatu kabla, kwa wazee kwanza. Daftari zako ziandikwe upya kwa Kifaransa kinachosomeka na zibaki CSB. Mizani, ndoo na jiko la mkaa usiviuze. Vikabidhi hadharani, kwa jina, la sivyo utaacha ugomvi.

Wiki ya mwisho utaletewa kuku hai. Mimi niliwapata kumi na mmoja, wamefungwa miguu kwa uzi wa mravinala, wamepangwa barazani. Huwezi kukataa na huwezi kupanda nao ndege. Nilimwambia bibi tuwachinje wote tule na boma zima. Akakataa watatu, akawafungua na kuwaingiza bandani kwake. Hao, akasema, ni wa kula ukirudi.